Hojaji Namba 146

Zahanati ya Chuo,
Jumatatu, saa tisa alasiri.

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini karatasi hii inakukuta umesimama nyuma ya meza yako ya pasi, redio iko juu ya rafu, nawe unabishana na mtangazaji kana kwamba anakusikia. Mkono unaendeleaje? Lile jeraha limekauka, au bado unalifunga kitambaa na kuwaambia wateja kwamba ni urembo? Goti je? Baba akipita kuchukua mashati yake mpe salamu zangu, ila barua hii usimpe kwanza. Mimi ni mzima wa mwili. Hilo neno "mwili" nimeliweka makusudi, na nakuomba usikimbilie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na magazeti. Nisome kwa mpangilio.

Najua umeshtuka kuona barua. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa darasa la tano, siku nilipounguza kola ya shati la mwalimu mkuu. Ulikataa kunisikiliza. Ulisema mdomo wangu una milango mingi ya kutorokea, ukanipa kalamu na daftari kuukuu, ukasema niandike kila kitu mpaka mwisho ndipo nitakula. Basi leo nimejipa adhabu ile ile, ingawa hapa wamenilisha kwanza.

Nilikusimulia kwamba nimepata ukarani kwa mhadhiri wetu, yule mama tunayemwita Saa Mbili kwa sababu ikifika saa mbili kamili asubuhi anafunga mlango wa darasa, na aliye nje abaki nje, hata awe mkuu wa chuo. Anafanya utafiti kuhusu wanafunzi na mtandao: nani anaweza kuiweka simu chini, nani hawezi, na huyo asiyeweza anaendeleaje moyoni. Alinichagua mimi kati ya darasa zima kwa jinsi ninavyopanga karatasi. Nilimweleza kwamba nimelelewa na dobi, kwamba kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa nabana vikaratasi vya namba kwenye kola za watu, na kwamba miaka yote ile hakuna mteja aliyekwenda nyumbani na suruali ya mwenzake. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilijivuna, Shangazi, sikufichi. Nilitembea chuoni kifua mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hojaji mia mbili, kila moja na namba yake kwenye kona. Mwanafunzi anakuja mezani kwangu pale mlangoni mwa maktaba, anatia saini kwenye daftari mbele ya namba yake, anapewa karatasi na kalamu, anakwenda kujibu pembeni, kisha anaitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Maswali ni ishirini, na kila moja unalijibu kwa kuzungushia namba, kuanzia sifuri, yaani hapana kabisa, hadi tano, yaani kila wakati. Je, hukasirika mtu akikusemesha ukiwa mtandaoni? Je, huwaficha watu muda unaotumia huko? Je, umewahi kukosa kipindi kwa ajili ya simu? Wenzangu walikuwa wanajibu huku simu ziko mkono wa pili. Mmoja aliniuliza kama anaweza kujibia mtandaoni, maana kushika kalamu kunamchosha. Tulicheka sana siku zile.

Lakini kulikuwa na swali la ishirini na moja, limekaa peke yake chini ya ukurasa, ambalo halijumlishwi na mengine. Linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umewahi kuona kwamba ingekuwa afadhali usiwepo. Kwa ajili ya swali hilo Saa Mbili alitia saini ahadi mbele ya kamati ya chuo: yeyote atakayezungushia tatu au zaidi lazima atafutwe na kupelekwa kwa mshauri ndani ya siku saba. Daftari la saini liliwekwa kwa sababu hiyo tu. Vinginevyo hakutaka kujua majina ya watu.

Jumatatu iliyopita tulikaa ofisini kwake tukijumlisha. Yeye anasoma, mimi naandika. Alipofika namba 146 aliilaza karatasi mezani. Jumla ilikuwa themanini na nane kati ya mia, hakuna mwingine aliyeikaribia, na kwenye swali la ishirini na moja duara lilikuwa kwenye tano. Mwenyewe alikuwa amejaza kwamba ni mwanamume, mwaka wa tatu, idara yetu, anaishi hosteli. Saa Mbili akafungua daftari atazame saini. Mbele ya 146 hapakuwa na kitu.

Aliniuliza imekuwaje. Nilimjibu kwamba huenda nilikwenda msalani kidogo, mtu akajichukulia karatasi mwenyewe. Hakunigombeza. Aliitazama kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole mpaka Jumatatu ya leo. Kisha akaniambia, kwa sauti ambayo darasani sijawahi kuisikia, kwamba kuna mtoto wa mtu anatembea humu chuoni akiwa na hali hii, na sisi tulimpa kalamu tukamwacha aende zake. Akaniomba nimsaidie kumtafuta. Nilikubali.

Wanaume wa mwaka wa tatu katika idara yetu tunaokaa hosteli tuko kumi na mmoja. Kwa kuwa mimi ni karani wake na ananiona kila siku, aliita kumi. Kazi yangu ilikuwa kuwapangia viti kwenye korido, kuwaingiza mmoja mmoja na kuweka alama mbele ya kila jina. Kila mlango ulipofunguka niliinuka kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasubiri majibu ya vipimo. Mmoja alikiri kwamba alimjazia rafiki yake hojaji. Mwingine alilia, lakini kwa ajili ya msichana. Hakuna aliyesema 146 ni yake.

Tangu hapo chakula kikawa hakishuki. Nilikuwa nahesabu siku pamoja na Saa Mbili: zimebaki tano, zimebaki nne. Alhamisi aliniita tena. Uso umemsinyaa, ameweka simu mbele yake kama anayengoja habari mbaya. Alisema kila akisikia watu wamekusanyika mahali roho yake inaruka. Akaniuliza, mimi ninayeishi nao, namshuku nani. Hapo nilifanya jambo ambalo heri ulisikie kutoka kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Nilimtaja Sweta.

Sweta ni mwenzetu anayevaa sweta moja la kijivu, jua liwake au mvua inyeshe. Chumba chake kinatazamana na changu. Si mtu wa maneno mengi, na siku ile alikuwa haongei kabisa, hacheki, kajiinamia na kiganja kiko shavuni. Nilimweleza Saa Mbili hayo yote, na yote yalikuwa kweli. Nilichoacha kumweleza ni kwamba siku moja kabla, baada ya mahojiano yake, Sweta aling'olewa jino la nyuma, na shavu lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Nilijua vizuri. Mimi ndiye niliyemsindikiza kwa daktari wa meno.

Kuanzia Ijumaa maisha ya kijana wa watu yakageuka. Msimamizi wa hosteli alitoa komeo la mlango wake. Wanafunzi walipangiwa zamu za kukaa naye, wawili wawili. Walimletea karanga, na hawezi kutafuna. Walimletea biskuti. Jamaa mmoja alimsomea kitabu cha utani tangu ukurasa wa kwanza, na kila Sweta aliposhindwa kucheka kwa sababu ya shavu, walitazamana kwa huzuni. Alipoeleza habari za jino, walimwitikia kwa upole, kama wewe unavyomwitikia mteja anayeapa kwamba shati alilinunua dukani likiwa tayari na doa. Ningekuwa mtu mwenye amani ningecheka. Nilikuwa nasikiliza yote kupitia mlango wangu, nimekaa sakafuni.

Jumamosi mchana alipiga chenga walinzi wake akaja chumbani kwangu. Aliniambia kwamba wameamua akiendelea kukana mpaka Jumatatu asubuhi, mama yake atapigiwa simu. Mama yake ana presha, na mwaka jana alilazwa mara mbili. Sweta alisema mama huyo akiambiwa mwanawe hataki kuishi, hakuna atakayewahi kumweleza habari za jino. Alinisihi mimi, kwa kuwa ni karani na kwa kuwa nilikuwepo kwa daktari, nikamtetee. Hakujua ni nani aliyemtaja. Alinishika bega wakati anasema.

Halafu akasema jambo jingine, akisugua shavu. Alisema siku ya kwanza alitaka kuwatimua wale watu wote na karanga zao. Siku ya pili alijikuta anasikilizia viatu vyao kwenye korido, na wakichelewa anajiuliza kulikoni. Alisema anamhurumia mwenye hojaji ile, popote alipo, kwa sababu viti vile, zamu zile na biskuti zile zote ni za mtu yule, na yeye Sweta anazila kwa makosa. Akafungua mlango, akarudi kwa walinzi wake.

Shangazi, namba 146 ni mimi.

Nilipofungua sanduku nilikuta hojaji mia moja tisini na tisa. Moja, ya namba 146, ilikuwa imeteleza nyuma ya boksi la kalamu, haikutolewa kwa mtu. Ningeweza kumwambia Saa Mbili hivyo hivyo. Lakini unanijua. Mtoto wa dobi arudishe pungufu ya idadi aliyopewa? Nikasema nitaijaza mwenyewe, nitazungushia mbili na tatu, majibu ya mtu wa kawaida, hesabu itimie na maisha yaendelee. Nilikwenda kukaa kwenye meza ya mwisho maktaba. Swali la kwanza liliuliza kama hukaa mtandaoni muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilitaka kuzungushia mbili. Mkono ukaenda kwenye tano. Tangu mwaka uanze, ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa swali na nikajibu ukweli, na aliyeniuliza ni karatasi. Sikuweza kusimama tena mpaka nikafika chini.

Ukweli wenyewe ni huu. Muhula mzima nimehudhuria kipindi kimoja tu, cha Saa Mbili, kwa sababu ya ukarani. Nikitoka hapo naenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, penye soketi, nachomeka chaja na kutazama video za watu wanaofua mazulia. Cheka, nakuruhusu. Mtoto uliyemlea kwenye povu la sabuni anawatazama wageni wakifua mazulia, kutwa nzima. Zulia jeusi kwa matope linamwagiwa maji, linasuguliwa, linatoa rangi zake, kisha linakuja lingine. Mwanzoni nilihisi niko nyumbani. Baadaye sikuhisi kitu, ila kuacha kulinitisha zaidi. Nikizima simu vidole vinatetemeka, kifua kinabana, naona kama kuna jambo baya linatokea mahali na mimi peke yangu sijaambiwa. Wenzangu walikuwa wananialika kwenda kucheza mpira, walichoka wakaacha. Wewe nilikuwa nakutumia ujumbe kila asubuhi kwamba niko darasani na mambo ni mazuri. Niliuandika mara moja tu. Siku zilizofuata nilikuwa naunakili.

Na ile Jumapili ulipiga mara sita. Niliziona zote. Kila jina lako lilipotokea lilifunika zulia, nami nilikuwa nakasirika, nasubiri likatike. Kisha nikakutumia kikaragosi kinachocheka, nikaandika kwamba nilikuwa maktaba. Siku tisa baadaye Baba ndiye aliyeniambia kwamba siku ile pasi ilikuunguza, na kwamba ulikuwa unanipigia ukiwa kwenye benchi la hospitali, ili upate mtu wa kuzungumza naye wakati wanakusafisha kidonda. Nilisoma ujumbe wake. Nikangoja nijisikie vibaya. Sikusikia chochote, Shangazi. Nikafungua zulia lingine.

Hilo ndilo lililonivunja. Niliogopa kwamba ndani hamna tena mtu. Nilifikiri, mtu wa namna hii hata asipokuwepo hakuna kitakachopungua. Utapata mtoto mwingine wa ndugu wa kubana namba kwenye kola. Siku mbili baadaye nikaijaza ile hojaji, nami nikiwa na mawazo hayo hayo. Sikuwa nimepanga kujidhuru. Mshauri wa hapa zahanati ameniuliza mara tatu leo, kwa njia tatu, na nimemjibu vilevile, naye ameniamini. Naomba na wewe uniamini. Nilikuwa nimechoka tu kupita kiasi, na sikuona ningepumzikia wapi.

Basi leo asubuhi niliingia darasani kabla ya wote. Nilichukua daftari la saini, mbele ya namba 146 nikaandika jina langu na kutia saini, nikaliweka wazi mezani kwa Saa Mbili. Alilisoma akiwa amesimama. Alinitazama, akalitazama tena daftari. Saa mbili ikafika, ikapita, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mlango ukabaki wazi. Alinishika mkono, tukatoka, darasa zima limetoa macho, akanileta mpaka hapa zahanati bila kuniachia. Njiani aliniuliza swali moja tu, kama nimekula.

Simu kwa mama yake Sweta haikupigwa. Lakini usidhani nimesamehewa yote. Saa Mbili amenieleza waziwazi kwamba kamati itakaa kuhusu hojaji niliyoijaza kinyume cha utaratibu, na kuhusu kumtaja mtu nikijua si yeye. Ukarani umekwisha, na huenda muhula huu nikaurudia. Nimekubali. Sweta alikuja saa sita nikamwambia ana kwa ana kwamba ni mimi niliyemtaja. Alisimama, nikafikiri ataondoka au atanipiga, na vyote viwili nilivistahili. Kisha akatoa mfukoni pakiti ya biskuti, akaniwekea magotini, akasema ni zangu kwa haki, ila nusu ameshazila na hawezi kuzirudisha.

Simu yangu iko kwenye droo ya mshauri. Atanipa nusu saa kila jioni, na mara mbili kwa wiki nitakaa naye. Ameniambia wazi kwamba haitakuwa rahisi, na unaona mwenyewe jinsi herufi zangu zinavyocheza kwenye mistari. Tangu asubuhi nimepapasa mfuko mtupu mara nyingi hata naona aibu. Naogopa, Shangazi. Naogopa kamati, naogopa jioni, naogopa uso wako unaposoma sehemu ile ya benchi. Lakini nilipofika kwenye kuandika habari za mkono wako nililia, hapa hapa mezani, na mshauri alipokuja mbio nilimwambia aniache kidogo. Ilikuwa inauma, nami nilikuwa nimekaa miezi bila kuumwa na kitu.

Wasalimie majirani wote wa pale, na mafundi viatu wa mlango wa pili. Baba utamweleza wewe, kwa namna unayojua, akiwa ameshakaa.

Kijana aliyekukabidhi barua hii ndiye Sweta. Anakwenda kumwona mama yake na basi lake linapita hapo kwenu. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma, kwa sababu sikutaka uyasome haya ukiwa peke yako, kama nilivyokuacha peke yako siku ile. Mpe kiti. Nyuma ya bahasha nimeandika namba ya simu ya mezani ya zahanati. Kesho kuanzia saa sita nitakuwa nimekaa karibu nayo. Piga mara moja tu, Shangazi. Nitapokea.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, uliyenilea.